Kunde kwa Mama, Mahindi kwa Mzee

Mwezi uliopita tulimzika Bi Mwanamvua huko Kwedizinga. Nilitoka kwangu Masuguru alfajiri, nikafika maiti ikiwa bado ndani, nikakaa mkekani na wanawake wenzangu, na habari za makaburini nililetewa baadaye na vijana. Walisema mkwe wake Rashidi, ambaye siku hizi ni mzee wa mkongojo na magoti mabovu, aliwasukuma wajukuu pembeni akashuka kaburini mwenyewe kumpokea. Walipomsihi apumzike aliwajibu kwamba amemkwepa mama huyu miaka yote kwa heshima, akimwona njiani anaingia kichakani, akisikia sauti yake anageuza njia, na leo ndiyo siku ya kwanza anaruhusiwa kumkaribia, kwa hiyo wamwache. Watu walicheka msibani, na wazee wakakohoa kuficha kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote hadi nikafunika uso kwa khanga, kwa sababu mwaka mmoja wa ujana wangu nilipanga chumba kwa mama huyo, na niliona kwa macho yangu jinsi ukwe wa Rashidi na wenzake ulivyomshinda afisa wa serikali aliyetoka Handeni na landrova yake.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa na cheti cha semina ya wiki tatu, viatu vya plastiki, na kijitabu cha uraia ambacho nilikuwa nimekisoma mara mbili na kukielewa mara moja. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha watu wazima kusoma na kuandika, na kila Alhamisi kuwafundisha habari za katiba na haki za raia. Watu wa Kwedizinga walikuwa wamehamishiwa pamoja mwaka uliotangulia, nyumba zimepangwa mistari miwili mirefu pande za barabara, na wengi walikuwa bado wanajikwaa usiku wakitafuta milango mahali ilipokuwa zamani. Darasa lilikuwa ghala la kijiji. Wanafunzi walikaa juu ya magunia ya pamba, na somo likirefuka walizama taratibu hadi ukabaki unafundisha vichwa tu. Chumba changu kwa Bi Mwanamvua kilikuwa na kitanda cha kamba, dirisha dogo la kuingiza mkono, na ukuta wa udongo uliotenganisha kitanda na jiko, hivyo asubuhi nilijua tunakula nini kabla sijafumbua macho. Mara nyingi ilikuwa ugali wa makopa ya muhogo kwa mboga ya mchunga. Sikuwa nimewahi kula mchunga. Wiki ya kwanza niliumeza kama dawa ya malaria, wiki ya pili nikaanza kuuliza kama umebaki, na hadi leo mboga isiyo chungu naiona kama maji ya kuoshea sufuria.

Alhamisi ya kwanza niliandika ubaoni neno katiba. Nikaeleza kwamba ni sheria mama, inayosema nani anatawala, anatawala kwa muda gani, na mwananchi ana haki zipi ambazo mtawala hawezi kumnyang'anya akiamka vibaya. Wanafunzi walisikiliza kwa adabu kubwa mno. Baadaye nilijifunza kwamba watu wa huku wakisikiliza kwa adabu kubwa mno hawajakuamini. Nikaendelea: kuna bunge linalotunga sheria, kuna serikali inayotekeleza, kuna mahakama inayohukumu, na hivi vitatu havitakiwi kushikwa na mtu mmoja. Hapo Bi Mwanamvua, aliyekuwa amezama kwenye gunia hadi kifuani, akanyoosha mkono. Alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu walinyamaza ili waisikie. "Mwalimu," alisema, "hapa kwetu kitongoji cha juu, Mzee Sekibaha ndiye aliyetunga sheria ya kutokwenda shamba la kijiji. Ndiye anayepita kuhesabu nani hakwenda. Ndiye anayekaa kusikiliza kesi. Na faini ni jogoo, na jogoo tunamsikia akichinjwa kwake. Hiyo kwenye kitabu inaitwaje?" Niligeuza kurasa. Kitabu kilikuwa hakijafikiria habari ya jogoo. Nikasema hilo tutaliona wiki ijayo, jambo ambalo walimu wote husema, na darasa zima likajua kuanzia hapo kwamba wiki ijayo maana yake sijui.

Mzee Sekibaha alikuwa mjumbe wa kitongoji chetu cha juu katika halmashauri ya kijiji. Sikuweza kumchukia, na hilo ndilo lililonisumbua. Alikuwa mzee wa maneno matamu, kofia safi, anayekuuliza habari za watu wako kwa majina. Alikuja ghalani mara moja kukagua, akakaa mbele, akasikia nikieleza kura ya siri na haki ya mtu kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, akaitikia kwa kichwa na kusema, "Vizuri sana, binti. Wafundishe hawa. Mimi kila ninayemhukumu huwa namsikiliza, ila siku hiyo hiyo." Tatizo lilikuwa kisima. Serikali iliahidi kijiji kisima kimoja cha pampu, na halmashauri ndiyo ingechagua mahali pa kukichimba. Mzee Sekibaha alitaka kiwe mbele ya ofisi, huko chini barabarani, ili mgeni akishuka kwenye gari akione. Wanawake wa juu walitaka kiwe juu, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakienda lambo kuteka maji na debe kichwani, mwendo ambao ukiondoka jua halijachomoza unarudi watoto wameshalia njaa wakachoka. Katika halmashauri ile hapakuwa na hata mtu mmoja aliyewahi kubeba debe. Siku nilipofundisha kwamba raia yeyote mwenye umri wa miaka kumi na nane ana haki ya kuchagua na pia kuchaguliwa, Bi Mwanamvua aliniuliza mara tatu kuhusu neno yeyote. Uchaguzi ulikuwa umebakiza miezi miwili. Jioni ile, akikoroga ugali, aliniambia atagombea.

Mpiga debe wake mkuu alikuwa Rashidi, mume wa binti yake mkubwa. Rashidi alikuwa amekata mkonge Ngombezi miaka sita na alirudi na kovu mkononi na maoni juu ya kila kitu. "Ngombezi hakukuwa na katiba," alipenda kusema, "kulikuwa na filimbi." Lakini mkwe hamkaribii mama mkwe wake, hamtazami usoni, hali mbele yake, wala hampigii kelele, na Rashidi alikuwa ameshika mila hiyo kuliko sala. Kwa hiyo mikutano ya kampeni ilifanyika hivi: Bi Mwanamvua anakaa jikoni na chungu chake, Rashidi anachuchumaa nje nyuma ya ukuta akiutazama msitu, na mimi nakaa mlangoni katikati yao. "Mwalimu," Rashidi anasema kwa sauti ya kusikika hadi lambo, "mwambie mama watu wa mwisho wa mstari wote wapo upande wetu." Nami namgeukia Bi Mwanamvua, ambaye yuko hatua mbili kutoka kwake, namwambia watu wa mwisho wa mstari wote wapo upande wetu. "Mwambie nimesikia," anasema Bi Mwanamvua. Ninamwambia Rashidi amesikia. Siku moja niliona uvivu nikakaa kimya nisipeleke ujumbe, wote wawili wakasubiri hadi ugali ukaungua. Nguvu yetu kubwa ilikuwa wakwe. Kwa hesabu ya huku binti wa dada yako ni binti yako, na Bi Mwanamvua alikuwa na dada wengi, hivyo waume kumi na mmoja wa kitongoji kile walikuwa wakwe zake, na wote walimpenda. Rashidi aliwahesabu kwa vidole kila jioni. Hakuna kati yetu watatu aliyeuliza watapigaje kura.

Wiki moja kabla ya uchaguzi Mzee Sekibaha aliniita kwake. Mke wake alinikaribisha wali kwa kuku, na nilimla jogoo yule nikiwa najua alikotoka, nikamaliza hadi mfupa. Mzee alisema amesikia nataka kwenda chuo cha ualimu. Ilikuwa kweli. Nilikuwa silali kwa kukitaka. Ilihitajika barua ya mjumbe wa mahali ninapofanyia kazi, inayosema tabia yangu ni njema, na barua hiyo ilikuwa juu yake. "Nitaiandika, binti," alisema akinisogezea bakuli la mchuzi. "Baada ya uchaguzi, akili ikitulia." Hakusema jambo lingine. Tuliongea habari za mvua, nikamshukuru, nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu habari ya barua ile, hata Bi Mwanamvua aliyenifungulia mlango na kuuliza mbona sina njaa.

Siku yenyewe afisa alikuja na landrova. Alikuwa kijana nadhifu kutoka mkoa wa mbali, mwenye soksi, na alitaka kuondoka kabla ya mvua. Akawaweka wagombea wawili uwanjani mbele ya ghala, hatua kumi kati yao, akatangaza: "Ndugu wananchi, anayemtaka Mzee asimame nyuma ya Mzee. Anayemtaka Mama asimame nyuma ya Mama. Mistari iwe imenyooka." Nilikuwa karani wa kuhesabu, nimesimama na daftari, na nikaona uso wa Rashidi ukisawajika. Kusimama nyuma ya mama mkwe wako, hadharani, unamtazama kisogo, umebanwa na watu mbele na nyuma. Afadhali wangemwambia avue nguo. Wanawake walijipanga haraka nyuma ya Bi Mwanamvua, wanaume nyuma ya Mzee Sekibaha, na wakwe kumi na mmoja wakabaki wanazunguka kama kuku waliofungiwa banda. Mmoja alijaribu kusimama mwisho kabisa wa mstari wa mama, lakini Bi Mwanamvua akageuka kidogo kupunga nzi, na kijana wa watu akatoweka. Baada ya muda wote kumi na mmoja walikuwa nyuma ya ghala.

"Nyie wa huko nyuma mko upande gani?" afisa aliuliza.

"Tuko kwa Mama," Rashidi alijibu bila kuonekana. "Ila kwa mbali."

"Kwa mbali hakuna mstari."

"Afisa, yule ni mkwe wetu."

"Hapa hakuna mkwe," alisema afisa. "Hapa wote ni ndugu."

Maneno hayo yaliwatisha watu vibaya sana, kwa sababu ukishakuwa ndugu na mkeo mambo yanakuwa mengine kabisa. Minong'ono ilikuwa bado haijaisha wakati Mzee Sekibaha alipogeuka kuutazama mstari wake kwa fahari na asiwaone wakamwana wake. Wake wa wanawe na wa wanawe wa ukoo, tisa kwa idadi, walikuwa wameamriwa na waume zao wasimame kwa baba. Lakini mkamwana naye hasimami karibu na baba mkwe, na nyuma ya ghala walikuwa tayari wamejaa wanaume. Basi wakaenda mahali pekee palipobaki, nyuma ya Bi Mwanamvua, wamejifunika khanga hadi machoni. Mzee Sekibaha aliwahesabu. Kisha yeye, ambaye mwaka mzima alikuwa akisema kijiji hakina siri, akavua kofia, akamgeukia afisa na kusema kwa sauti ya mtu aliyedhulumiwa kwamba kijitabu cha mwalimu kinaeleza wazi, mwananchi ana haki ya kupiga kura bila kutazamwa. Nilikuwa sijui kama alisikiliza hata neno moja siku ile ya ukaguzi. Kutoka nyuma ya ghala sauti kumi na moja zikamuunga mkono.

Hakukuwa na karatasi, na nusu ya watu ndio kwanza walikuwa wanaandika majina yao. Tukakubaliana: kunde kwa Mama, mahindi kwa Mzee. Mtungi uliwekwa ndani ya ghala na kufunikwa. Mimi nilikaa mlangoni, palipotundikwa kitambaa, nikimpa kila mtu punje moja ya kunde na moja ya hindi. Anaingia peke yake, anaitumbukiza anayoitaka, nyingine anatoka nayo mfukoni au anaitupa huko huko magunini. Mzee mmoja mwenye wake wawili alidai punje tatu tatu, akisema haki za nyumba yake anazibeba yeye. Wake zake walikuwa tayari wameshapiga na kuondoka. Bibi mmoja alikaa ndani muda mrefu, akatoka na punje zote mbili mkononi, na nilipomuuliza alisema amekwishamwambia Mungu anayemtaka, kwa kuwa mwalimu alisema iwe siri, na siri kubwa kuliko hiyo haipo. Afisa alimrudisha ndani kwa maneno ya upole huku akitazama mawingu. Wakwe walipita mmoja mmoja, wamenyooka, na Rashidi alipotoka alikuwa na uso wa mtu aliyeoa upya.

Tukamwaga mtungi juu ya gunia. Nilihesabu mimi, akahesabu afisa, tukahesabu pamoja. Kunde thelathini na nane. Mahindi thelathini na nane. Afisa alisoma maagizo yake: kura zikilingana, aliyepo anaendelea. Watu wa Mzee walianza kupiga makofi, ndipo Rashidi akapaza sauti kutoka pembeni. "Mwalimu hajapiga."

Ilikuwa kweli. Mwaka mzima nilikuwa nimewafundisha watu wale kwamba kura ni haki na ni wajibu, na kwa kushughulika na punje za wenzangu nikaisahau yangu. Afisa aliuliza kama nina miezi sita kijijini. Ninayo. Kama nina miaka kumi na nane. Ninayo. "Basi ingia, ndugu, tumalize." Kijiji chote kilinigeukia. Bi Mwanamvua hakunitazama, alitazama chini. Rashidi alikuwa anacheka, maana alijua ninalala wapi na ninakula wapi, na kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Mzee Sekibaha alinitazama kwa upole ule ule wa siku ya mchuzi. Nilichukua punje mbili nikaelekea mlangoni. Hatua zilikuwa sita au saba. Kabla sijafika, kunde nilikuwa nimekwishaiachia ikaanguka mchangani, na kiganjani nilikuwa nimebana hindi.

Nilifanya hivyo mimi, na sijawahi kupata namna ya kulieleza linipe nafuu. Nilikitaka chuo. Nilijiambia hakuna atakayejua, watadhani afisa amekosea hesabu, watadhani mwalimu alichanganya punje kwa woga. Nilikuwa nimeshika kitambaa cha mlango wakati Bi Mwanamvua aliposema, kwa sauti yake ndogo, "Bwana afisa, ngoja kidogo." "Huyu akiingia humo sasa hivi, sote tutajua alichokiweka. Hiyo siyo siri tena. Alitufundisha mwenyewe kwamba mtu akijulikana alivyochagua anaweza kuadhibiwa, ndiyo maana anafichwa. Huyu mtoto ni mgeni wetu, hana baba hapa. Mimi kiti cha namna hiyo sikitaki. Andika tumelingana."

"Mama," alisema afisa, "zikilingana wewe umekosa."

"Nimesikia."

Nyuma ya ghala kulitokea kelele, na nadhani Rashidi alimsemesha mama mkwe wake moja kwa moja kwa mara ya kwanza maishani mwake, lakini kwa kuwa alikuwa ameipa mgongo hadhara hakuna aliyesikia vizuri. Afisa aliandika. Mvua ilianza kabla landrova haijawaka, ikabidi wakwe kumi na mmoja waisukume hadi barabarani.

Tulirudi nyumbani tumelowa. Bi Mwanamvua aliwasha moto, akasonga ugali, akaupakua na mchunga, akaleta beseni na kata ya maji kuninawisha kama alivyofanya kila jioni. Nilinyoosha mikono bila kufikiri. Nilipofungua kiganja, hindi likadondoka ndani ya beseni na kutoa mlio mdogo. Kiganjani lilikuwa limeniachia alama nyekundu. Wote wawili tulilitazama pale chini. Machozi yakanitoka.

"Hiyo barua," alisema Bi Mwanamvua, ingawa sikuwa nimewahi kumtajia, "asubuhi mfuate akuandikie, kabla hajabadili mawazo."

Kisha akaendelea kunimiminia maji. Alikuwa ameyafuata lambo alfajiri ya siku ile kwa debe kichwani, na mimi nilipoondoka kwenda chuo alikuwa bado anayafuata huko huko.